Mwenye Mji na Saa ya Kukamua

Mlio ambao Ghati anaukumbuka ni wa kiki ya pikipiki. Ya kwanza haikushika, na moyoni akasema, labda haitawaka. Ya pili ikakohoa ikafa. Ya tatu ikawaka, na Eunice, aliyekuwa ameketi nyuma ya dereva na begi jekundu mapajani, akageuka kuutazama mlango wa nyumba mara moja tu, kisha barabara ya Mugumu ikamchukua. Mlangoni alibaki Ghati na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeitwa Elia. Mtoto hakulia. Alinyoosha kidole kuelekea vumbi, akakishikilia hapo mpaka vumbi lilipotulia, halafu akamtazama Ghati kama mtu anayeuliza, sasa?

Sasa, hata Ghati hakujua. Mbingu ilikuwa inaanza kuwa nyeupe upande wa hifadhi, na chini ya mteremko wanaume wa kwanza walikuwa wamekwisha kufika kituo cha maziwa na ndoo zao. Funguo za kituo zilikuwa mfukoni mwake.

Eunice ni mke wa Ghati. Mgeni akiambiwa hivyo hutazama chini, lakini kijijini Machochwe hakuna anayetazama chini. Ghati alizaliwa upande wa Tarime, akaolewa Serengeti na Nyamhanga, akazaa mabinti wawili, wa kwanza Robi, na mumewe akafariki kabla nyumba haijapata mtoto wa kiume. Mabinti wakaolewa, mmoja Sirari na mwingine ng'ambo ya mpaka, Kenya. Ng'ombe wa mahari wakaingia zizini. Kwa ng'ombe hao Ghati alifanya walichofanya wanawake wengi wa kwao kabla yake: alikwenda Morotonga akaposa msichana, akamlipia mahari, akamleta nyumbani. Ndiyo nyumba ntobhu. Msichana akachagua mwenyewe mwanamume wa kuzaa naye, na mtoto aliyezaliwa akawa wa nyumba ya Ghati, wa jina la Nyamhanga. Eunice humwita Ghati mama. Elia, alipoanza kutamka, alifundishwa amwite tata, maana yake baba.

Tangu siku ng'ombe wale walipotoka zizini kwake kwenda Morotonga, wanaume wa Machochwe walianza kumwita Ghati mura, yaani mwanamume, kama wanavyoitana wao kwa wao, na mwenye mji, mkuu wa boma. Kwenye benchi la nje ya kituo walimsogelea akapata nafasi. Alipenda benchi lile. Alipenda kusikia bei za ng'ombe na ugomvi wa malisho, kutupa neno lake katikati na kuona linaokotwa. Hata hivyo hakuwahi kukaa muda mrefu. Ghati ni mtu wa miguu. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, mkono unatafuta kitu cha kufuta.

Kazi yake ni kupokea maziwa ya chama cha ushirika. Ananusa kila ndoo, anatumbukiza kipimo kuona kama yametiwa maji, anachanganya tone na spiriti kwenye kikombe kuona kama yanaganda, kisha anamimina kwenye tangi la kupozea. Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili, kwa sababu ng'ombe hukamuliwa alfajiri na maziwa ya moto hayakai. Yeye yuko peke yake pale. Meneja na gari la kubebea maziwa hutoka Mugumu baadaye.

Eunice alikuwa amepata kazi ya kutandika vyumba katika hoteli moja ya watalii karibu na geti la Ikoma. Wafanyakazi hulala huko huko, wanarudi nyumbani siku chache baada ya majuma kadhaa. Ghati mwenyewe ndiye aliyemsukuma aende. Alijivuna benchini kwamba mke wake amepata kazi. Walipomuuliza, na mtoto je, akasema mtoto yuko kwao.

Alikwenda kwa jirani yake Naomi, mke wa Waitara, kumwomba amshike Elia asubuhi.

"Nitamshika," alisema Naomi. "Mlete saa mbili."

"Mimi nafungua saa kumi na mbili."

"Alfajiri siwezi, Mama Robi. Alfajiri nakamua, nawasukuma watoto shule. Saa mbili nimemaliza."

Ghati akasema sawa. Ni masaa mawili tu, alijiambia. Mtoto anayelala masaa mawili hahitaji mtu.

Majuma yale ya kwanza, watu waliokuwa wakipeleka maziwa walimwona Ghati akipanda na kushuka mteremko kama mtu aliyesahau kitu kila upande. Alipokea ndoo ya kwanza, akapanda mbio kuchungulia dirishani, akashuka. Akapokea ya pili na ya tatu, akapanda tena. Wanaume walipiga miluzi wakimngoja. Akiwa kituoni, masikio yake yalikuwa nyumbani. Akiwa dirishani kwake, macho yalikuwa chini kwenye foleni. Alianza kumimina tangini maziwa ya mtu mmoja kabla hajayanusa. Alianza kusahau chai. Usiku alilala na sketi ya kazi ili asubuhi isimpotezee muda, na bado aliamka amechelewa ndani ya kifua chake.

Kisha asubuhi moja alipanda akakuta mlango wazi. Elia alikuwa amejifunza kuvuta komeo la mlango. Alimkuta barabarani, katikati ya kundi la ng'ombe waliokuwa wakienda malishoni, amesimama bila suruali, ameshika mkia wa ndama. Ng'ombe walimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Mchungaji hakuwa amemwona.

Habari zilifika Ikoma kabla Ghati hajamaliza kumfuta mtoto vumbi. Simu ikalia.

"Mama, ni kweli?" Eunice aliuliza.

"Hajaumia."

"Sikuuliza kama ameumia."

Ghati alimvuta Elia karibu.

"Mama, sitaki kugombana na wewe," alisema Eunice. "Kazi naipenda. Wewe ndiye uliniambia nije, na nakushukuru. Lakini mtoto aliyekuwa chini ya miguu ya ng'ombe ni wangu pia. Mwezi huu ukiisha hakuna mpango, mama yangu atakuja kumchukua. Atakaa Morotonga mpaka akue."

"Elia ni wa nyumba hii."

"Nyumba hiyo asubuhi haina mtu."

Simu ikakatika, au ilikatwa. Ghati alibaki nayo mkononi. Alijua mtoto anayekulia kwa bibi yake mzaa mama anakuwa nani. Atajifunza kuuita ua mwingine kwao. Atarudi Machochwe sikukuu, amevaa viatu, asalimie kama mgeni. Na nyumba aliyoijenga kwa mahari ya binti zake, kwa kitu pekee alichokuwa nacho, itabaki na kuta na yeye ndani akizunguka.

Kesho yake alimbeba Elia kwenda naye kazini. Alimketisha juu ya kreti chini ya meza, akampa mfuniko wa ndoo achezee. Ilikwenda vizuri mpaka zamu ya Waitara. Ghati alikuwa ameinama juu ya tangi. Elia akavua kandambili yake, akaitazama pande zote, akaiweka ndani ya ndoo ya Waitara taratibu, kama mtu anayesaidia kazi.

"Mura," aliita Waitara. "Njoo uone."

Ghati akageuka.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kandambili."

"Kwamba ni kandambili naona. Nauliza inafanya nini kwenye maziwa yangu."

"Inaelea," alisema mtu wa nyuma kwenye foleni, na kituo kizima kikacheka, isipokuwa Waitara. Maziwa yale hayakuweza kupokelewa. Waitara aliyarudisha nyumbani, na wanasema siku ile aliyanywa mwenyewe kikombe baada ya kikombe ili mtu asimwambie yameharibika.

Meneja alipofika na gari alikuwa amekwisha kusikia. Jina lake ni Evodius, mtu wa Kagera, kijana mpole mwenye viatu visivyopata vumbi kwa namna isiyoeleweka. Alimwonyesha Ghati dumu la soda ya kuoshea tangi.

"Mama, hii inachubua ngozi ya mtu mzima. Mtoto asiingie tena humu. Naomba."

"Basi nipe ile ruhusa."

"Ruhusa ipi?"

"Mliyompa Salome wa ofisini kwenu Mugumu. Anaingia kazini akishamaliza mambo ya mtoto, na hamumkati kitu."

"Salome ananyonyesha, mama."

"Na mimi nina mtoto."

"Una mjukuu," alisema Evodius kwa heshima.

"Nina mtoto. Mama yake yuko kazini, mimi nimebaki naye."

"Huyo Eunice si mkwe wako?"

"Ni mke wangu."

Evodius alikuwa na mwaka wa tatu Serengeti na alidhani amekwisha kuelewa watu. Aliondoa miwani, akaifuta, akairudisha.

"Chama kilipitisha utaratibu kwa ajili ya mama," alisema. "Sasa wewe, kwa ninavyoelewa mila ya hapa, na uniambie kama nakosea, wewe si mama. Wewe ni kama baba."

"Ndiyo."

"Baba hayumo, mama."

Ghati alisimama akisikia jinsi maneno yale yalivyopangika, baba hayumo, mama. Goti lilikuwa linacheza hata akiwa wima.

Evodius hakuwa mtu mbaya. Alitembea mpaka kwenye gari, akarudi.

"Kwa upande wangu saa si tatizo," alisema. "Gari linaweza kuanzia vijiji vingine, Machochwe ikawa ya mwisho. Lakini maziwa lazima yafike hapa yakiwa mapya. Ukifungua saa mbili, watu wakamue saa moja, siyo saa kumi na moja. Hilo siwezi kuamuru. Zungumza na wafugaji. Wakikubali, mimi nimekubali."

Wafugaji walikutana Jumapili nje ya kituo, baada ya ibada. Ghati alikuja amevaa kitenge chake cha kijani na maneno aliyoyapanga njiani. Hakukaa. Alisema alichotaka: kituo kifunguliwe saa mbili, wakamue kukiwa kumekucha, kwa sababu ana mtoto na hana mtu wa kubaki naye alfajiri. Alisema yote kwa pumzi moja. Alipomaliza, ukimya ulikuwa wa watu wanaongoja mmoja wao aanze kucheka.

"Mura, rudia," alisema Waitara. "Hapa mwisho sijasikia."

"Umesikia."

"Nimesikia mwenye mji anaomba ruhusa akabebe mtoto."

Wakacheka sasa.

"Mimi nina watoto saba," alisema Tomaso, mzee mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, "na mpaka leo sijui wanaamka saa ngapi."

"Ndiyo maana wakikuona wanasimama kama wamemwona mgambo," Ghati akamjibu, na kicheko kikamgeukia Tomaso, lakini hakikukaa huko.

"Ng'ombe wataenda malishoni saa ngapi?" mtu aliuliza. "Jua likiwa utosini?"

"Na tembo wakishuka asubuhi, tuwe bado tunakamua?"

"Tafuta msichana wa kazi, mura."

"Wasichana wote wamekwenda kule alikokwenda mke wangu," alisema Ghati. "Kutandika vitanda."

Waitara alinyanyua mkono. Alikuwa rika moja na marehemu Nyamhanga, na aliposema, alisema bila ubaya, kama mtu anayemrekebisha ndugu yake.

"Ghati, sikiliza. Ulipomwoa Eunice tulikuja kwako tukala, tukakuita mwenye mji. Wengine walinong'ona, mimi nikawaambia wanyamaze. Ukataka benchi, tukakupa benchi. Umewahi kuniona mimi nimeacha kazi nikalee? Umewahi kumwona Nyamhanga? Ungekuja kama mama tungekutafutia la kufanya. Ungekuja kama mwanamume tungekuambia, mwambie mkeo arudi. Sasa umekuja na vyote viwili. Chagua."

Yeye ambaye benchi zima lilijua hakosi neno, aliwatazama mmoja mmoja, akakaza kitenge kiunoni, akashuka barabarani akitembea haraka, bila kujua anakwenda wapi, na alipofika darajani aligeuza akarudi njia ile ile, wakamwona akipita tena.

Jioni alikwenda kwa Naomi kumchukua Elia. Wanawake wanne walikuwa uani wakipukuchua mahindi, miguu imenyooshwa, na Elia amelala juu ya gunia katikati yao na punje moja imemganda shavuni.

"Mwenye mji amepotea leo," alisema Irine, mke wa Tomaso. "Benchi liko kule kituoni."

"Nimemfuata mtoto."

"Mtoto amelala. Kaa."

"Sikai."

"Lini ulikaa," alisema Naomi, akamsukumia kigoda kwa mguu. "Mume wangu amerudi anacheka mpaka anafuta machozi. Anasema umewaomba wakamue saa moja."

"Na akasema nini?"

"Anasema yeye hawezi." Naomi akatupa gunzi. "Na kweli hawezi. Yule ng'ombe mweusi chuchu moja imeziba tangu mwaka jana, hajui hata ni ipi."

"Wa kwangu akiingia zizini ng'ombe wanafikiri wanauzwa," alisema Irine.

Wanawake wakacheka, na Ghati akacheka nao, kwa mazoea ya kucheka, kisha kicheko kikamkwama. Alikuwa ameshika mlango wa zizi la Naomi kwa mkono mmoja. Aliwatazama mikono: ya Naomi, ya Irine, ya wale wengine wawili. Vidole vipana, gumba limepinda kidogo kwa nje. Yeye mwenyewe alikuwa na gumba kama lile zamani, kabla ya kituo, kabla ya benchi, alipokuwa akiamka kwenye baridi na kuegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe.

"Nani anakamua kwenu, Irine?" aliuliza.

"Swali gani hilo? Wanajikamua?"

Ghati akakaa. Kigoda kilikuwa kifupi kuliko alivyozoea, magoti yakamfikia karibu na kidevu. Kule kwa wanaume alisema amesimama, kwa sauti, na alikuwa na sababu tatu. Hapa zile sababu zilimkimbia.

"Nimechoka," alisema. "Nakimbia hata nikiwa nimelala. Mwezi ukiisha watanichukulia mtoto."

Mikono iliendelea kupukuchua, lakini polepole.

"Kama mngekamua saa moja," aliendelea. "Sikuwaomba ninyi. Niliomba kule."

"Tunajua uliomba kule," alisema Irine. Hakuwa anacheka tena. "Miaka yote uko kule. Sisi tuliwahi kukuomba jambo hilo hilo, unakumbuka? Tulikuja mimi na Naomi, tukasema, sogeza kituo kidogo, watoto wanakwenda shule bila uji, maana alfajiri yote tuko zizini. Ulitujibu nini?"

Ghati alikumbuka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo, na wanaume benchini walikuwa wanasikiliza.

"Niliwaambia maziwa hayangoji uji."

"Na wao wakakucheka vizuri. Ukafurahi."

"Nilifurahi."

"Basi."

"Nilikosea, Irine."

"Sikusikia."

"Nilikosea. Kwako na kwa Naomi."

Irine akachukua gunzi jingine. Alilipukuchua lote mpaka likabaki jekundu tupu, bila kunyanyua macho, na wenzake wakamwacha amalize.

"Uji wangu unachemka vizuri saa kumi na mbili," alisema hatimaye. "Watoto wakishatoka, nakamua. Wale wasiokamuliwa watangulie malishoni na mchungaji. Wanaokamuliwa ni wachache, watafuata."

"Na wanaume?" aliuliza mmoja wa wale wengine.

"Wanaume wanasema nini," alisema Naomi. "Maziwa yakiwa bado kwenye kiwele, watapeleka ndoo tupu?"

"Atanifokea."

"Afoke. Mwambie ng'ombe amekataa kuachia. Atakwenda kumkagua? Ataanzia upande gani?"

Walicheka mpaka Elia akageuka juu ya gunia lake. Kisha wakaanza kupanga, nani amwambie nani, nyumba za bondeni, nyumba za karibu na shule, na Ghati aliona hawahitaji tena neno lake. Wakati fulani mtu alimwekea mahindi mapajani. Akapukuchua.

Kesho yake hakuamini. Alfajiri ile ile alikuwa kituoni, Elia mgongoni, amesimama kwenye baraza nje ya mlango. Barabara ilikuwa tupu. Jua likachomoza. Moshi ulipanda kutoka jikoni nyumba baada ya nyumba, na watoto wa shule wakapita, wawili bado wanapangusa midomo. Hakuna ndoo. Alitembea kutoka ncha moja ya baraza hadi nyingine. Kama hawatakamua kabisa, aliwaza, kama wameelewana vibaya, kama gari litakuja likute tangi kavu, basi mtoto ameondoka na kazi pia.

Waitara ndiye aliyekuja wa kwanza, mikono mitupu, shuka begani.

"Mura, za asubuhi."

"Nzuri."

"Mke wangu anasema ng'ombe wamekataa."

"Poleni."

"Nimepita kwa Tomaso. Na ng'ombe wake wamekataa."

"Labda ni baridi."

Waitara alimtazama Ghati, kisha mtoto mgongoni mwake, kisha moshi wote ule uliokuwa juu ya kijiji saa ambayo kwa kawaida jiko lilikuwa la baridi.

"Umetuzunguka," alisema.

"Nilianza na ninyi."

Akakaa benchini, akatafuna kijiti. Baadaye kidogo alisema, kama anajisemea, kwamba leo kwa mara ya kwanza amekunywa uji wa moto, na kwamba ulikuwa na chumvi kidogo.

Kwenye saa mbili ndoo zilikuja zote kwa pamoja, zingine zimeletwa na wenye ng'ombe wamekunja nyuso, zingine na wanawake wenyewe. Naomi alifika na ndoo kichwani, akaitua, akamfungua Elia mgongoni mwa Ghati bila kuuliza, akaondoka naye. Maziwa yalikuwa bado na povu. Ghati alinusa, akapima, akamimina, na siku ile hakukosea hata moja. Evodius alipofika alitumbukiza kipimo chake mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali, akasema atawaambia Mugumu kwamba ni mabadiliko ya msimu.

"Hutasema ni mtoto?" aliuliza Ghati.

"Msimu watauelewa haraka zaidi, mama."

Alipofunga mlango na kutoka, wanaume walikuwa bado benchini. Hakuna aliyemsogelea kumpa nafasi. Alisimama pale kidogo akisikiliza wakizungumzia mnada, akangoja mahali pa kutupa neno, pakaja, pakapita. Ikawa hivyo na siku iliyofuata, na iliyofuata. Walimsalimia. Walimwita Ghati. Lile neno mura lilikuwa limerudi kwao. Lilimuuma kuliko alivyotegemea, na alikwenda nalo nyumbani, akafagia ua uliokuwa umefagiliwa.

Mwezi uliisha siku ya Ijumaa. Ghati aliamka kabla ya jogoo, mwili ukiwa bado na saa yake ya zamani, miguu ikitaka kushuka mteremko. Akajizuia. Alimchukua Elia, aliyekuwa ameanza kunung'unika, akatoka naye akaketi kwenye kizingiti cha mlango. Mtoto akahangaika, akavuta ukosi wa sweta la Ghati, akasema tata mara mbili tatu bila kutaka kitu, kisha akalala tena. Kulikuwa na ukungu upande wa mto. Kutoka kwa Naomi ilisikika kuni ikivunjwa. Goti la Ghati lilianza kucheza, akaliwekea mkono wa kulia, likatulia, likaanza tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi chini ya kichwa cha mtoto, na hakuuondoa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Aliitoa kwa vidole viwili.

"Shikamoo, mama." Eunice alikuwa anaongea haraka, nyuma yake sahani zinagongana. "Nataka kuingia kazini, nisikilize. Leo mwezi umeisha. Mama yangu amekwisha kujiandaa, kesho anapanda gari la asubuhi. Umfungie Elia nguo zake, na lile blanketi lake, bila hilo halali. Usikasirike. Nimeambiwa kituo kimebadilisha saa, lakini watu wanaongea mengi, sijui nimwamini nani. Mama? Saa hizi si uko kwenye foleni? Mbona sisikii ndoo?"

Ghati alimtazama mtoto. Aliusogeza mdomo karibu kabisa na simu, ili sauti isipite pembeni.

"Mwambie asije," alisema. "Niko nyumbani. Amenilalia mkono."